Nilianza kwa kukwama na Q: uzoefu wangu na kitafuta-maneno cha Kiingereza

Ni miezi minane sasa natumia kitafuta-maneno kwenye simu. Kazi yake ni moja: unakipa herufi, kinakupa maneno ya Kiingereza yenye herufi hizo. Nilikwenda huko kwa sababu ya Q.

Wanaocheza Scrabble, ule mchezo wa kupanga maneno mezani kwa vibao vya herufi, wananielewa. Kati ya vibao 100 vya mchezo, Q ni kimoja tu. Kina pointi 10, na mwenzio akimaliza vyake nawe bado umekishika, pointi hizo unakatwa. Kwa Kiingereza Q karibu siku zote huhitaji U nyuma yake. U ziko nne, na sijui ni bahati gani, siku zote zinaangukia kwa dada. Siku hiyo mkononi nilikuwa na T, A, L, A, Q, N, I. Tulikuwa kwenye mazoezi, simu ruksa, nikaziandika zote saba.

Ikanitolea "qi", ikanitolea "qat", halafu "talaq". Nikaliangalia mara mbili. Talaka! Nikalipanga mezani, pointi 14.

"We, hilo si Kiingereza," dada akasema. "Hilo ni la kwa kadhi."

Tukamtafuta na kadhi mwenyewe, tukamkuta: "qadi". Kuna sehemu ya kuomba maneno yenye Q yasiyo na U kabisa. Tulipoibonyeza ikashuka foleni ya watu tunaowajua: "faqir", "niqab", "waqf", "fiqh". Fakiri, nikabu, wakfu, fikihi. Kumbe wenzetu nao wameyabeba kutoka Kiarabuni, ila wao wameiacha Q mahali pake na sisi tukaifanya K. Nimewahi kukariri orodha za maneno ya Q nikazisahau wiki hiyohiyo. Hii sikuikariri, nilikuwa nayo kichwani tangu utotoni.

Sasa lawama. Ukurasa una visanduku vitatu vinavyofanana kama mapacha, na hakuna maelezo. Mwezi wa kwanza wote nilikuwa naandika kwenye kisicho changu na kulaumu simu. Chukua R, A, T. Kisanduku cha kwanza kinatafuta herufi hizo popote zilipo ndani ya neno, kwa mpangilio wowote, kwa hiyo utapata "heart", "train", "artist" na mengine mpaka kidole kichoke kusogeza. Cha pili kinazitaka zimeshikana na kwa mfuatano huo: "pirate", "narrate". Cha tatu kinatumia hizo tu bila kuongeza hata moja, kwa hiyo ni "rat", "art", "tar" na vipande vya herufi mbili. Kwa Scrabble unataka cha tatu, lakini wao wamekiweka chini kabisa, chini ya tangazo. Nani alipanga hivi?

Kile cha pili ndicho kilichonisaidia kwenye imla. Maisha yangu yote nimekuwa nikiandika "separate" kwa E katikati. Siku moja natafuta "arat", nalo likatokea limembeba panya tumboni: sep-a-rat-e. Sijakosea tena.

Alama ya kuuliza inashika nafasi ya herufi moja, nyota inashika nafasi ya herufi zozote. Andika ?ight uone kwa nini watu wanafia kwenye Wordle, mchezo wa kubahatisha neno la herufi tano: "light", "night", "might", "right", "fight", "sight", "tight", "eight". Majaribio yenyewe ni sita. Hapo kitafuta-maneno hakikuokoi, kinakuonyesha tu ukubwa wa shimo. Dawa ni kutoa jaribio moja kafara: weka "filth", ambayo inakupimia F na L kwa mkupuo.

Jambo lililotugombanisha na dada ni "zo", mnyama chotara wa ng'ombe na yaki. Niliipata humo, nikaiweka, akaikataa kwa sababu programu yake haikuwa nayo. Tulibishana kweli, na kila mtu alikuwa na haki yake. Orodha ya mashindano inayotumika Marekani na Kanada si ile ya Collins inayotumika sehemu nyingi nyingine, na Collins ina maneno mengi zaidi, "zo" ikiwemo. Kitafuta-maneno kinakuruhusu kuchagua orodha, lakini kitufe chake kimefichwa kwenye mipangilio. Kabla hamjaanza kucheza, kubalianeni orodha. Tena maana ya neno hakikupi. Nililazimika kufungua kamusi pembeni ili nimjue huyo zo ni nani.

Jioni nikiwa sina la kufanya huwa nakiuliza maswali ya ajabu. Niliomba maneno yasiyo na A, E, I, O wala U, likaja "rhythms", herufi saba. Jaribu kulitamka kwa ulimi uliozoea kila silabi kuishia na irabu. Juzi nimegeuza, nikaomba yanayoanza na "mb" kama yetu. Yakaja machache: "mbira", halafu "mbaqanga", muziki wa Afrika Kusini. Lina Q, na U haimo. Herufi nane, na mkononi huwa nashika saba, kwa hiyo nasubiri siku dada atakayoacha A moja mezani pahali pazuri.