Uzoefu wangu: kutibiwa kiungo cha taya kwa kine (mtaalamu wa tiba ya viungo), Bukavu

Mimi ni mshonaji wa Kadutu, hapa Bukavu. Tangu mwaka jana taya langu la kulia lilikuwa likialika kila nilipopiga miayo, kisha maumivu yakapanda hadi sikioni, nikawa natafuna upande mmoja tu hata nilipokula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mahali nilipokwenda kwanza niling'olewa jino ambalo halikuwa na ubaya wowote, na maumivu yakabaki palepale.

Daktari mwingine wa meno ndiye aliyenituma kwa kine, katika kabine (kliniki) moja ya Ibanda. Kine aliniambia nisimamishe vidole kati ya meno ya juu na ya chini: kwa kawaida huingia vitatu, lakini kwangu kiliingia kimoja na nusu. Alivaa glavu, akapitisha kidole ndani ya shavu na kuubonyeza taratibu msuli wa kutafunia, ambao ulikuwa umekaza hata nikaudhani ni mfupa. Machozi yalinitoka, lakini baada ya dakika chache msuli ulilegea. Alinieleza kwamba kiungo chenyewe kiko mbele ya sikio, na kwamba mlio ule hutokea kisahani kilicho kati ya mifupa kinapohama mahali pake na kurudi.

Sehemu kubwa ya tiba ilikuwa nyumbani. Niliweka ncha ya ulimi kwenye kaakaa, nyuma ya meno ya mbele, nikafungua kinywa polepole bila ulimi kubanduka, mara 6, na zoezi hilo nilirudia mara 6 kwa siku. Usiku niliweka kitambaa chenye maji ya moto shavuni. Miwa na mahindi ya kuchoma niliacha kabisa. Kilichonishinda kwa muda mrefu ni agizo la kufunga midomo bila meno kugusana, kwa sababu nimezoea kubana pini kwa meno ninapokata kitambaa. Sasa nimejishonea kimto cha pini, nakifunga mkononi.

Baada ya vikao 6 vidole vitatu vinaingia, na sikio haliumi tena. Mlio bado upo, ila hauna maumivu, na kine alikuwa ameniambia mapema kwamba huenda ukabaki. Dola 10 kwa kikao si pesa ndogo kwa mtu wa cherehani, lakini sijutii. Lawama yangu ni moja: hadi kikao cha tatu hakuna aliyenitazama nikifanya zoezi, kumbe taya lilikuwa likienda kombo. Ukienda, omba kioo siku ya kwanza, ulifanye zoezi mbele ya kine.