Mashine ya kuangua mayai 56 nyumbani Utawala, Nairobi: uzoefu wangu

Nimeitumia mashine hii msimu wa joto na msimu wa baridi, na naipendekeza. Ila bajeti yako isiishie kwenye mashine yenyewe. Tenga pesa za kipimajoto cha pembeni na za betri. Ukivikosa hivyo viwili hapa Nairobi, unaweka mayai mazuri mahali usipoweza kuyalinda.

Yangu ni ile ya plastiki ya mayai 56, imetengenezwa Uchina. Utaipata madukani mjini na mitandaoni kwa majina mbalimbali, na ukiifungua ndani ni ile ile. Ilinigharimu elfu kumi na kitu. Ina hita, feni, kioo kidogo kinachoonyesha joto na unyevu, na trei inayoyageuza mayai yenyewe kila baada ya saa mbili. Hiyo trei ndiyo iliyonivuta. Kuku anayeatamia huyageuza mayai yake mchana na usiku, kwa sababu kiinitete kikikaa upande mmoja muda mrefu hunata kwenye utando wa ndani ya ganda na kufa. Ukigeuza kwa mkono inabidi iwe angalau mara tatu kwa siku, kila siku, na mimi hutoka nyumbani kukiwa bado giza ili niiwahi barabara ya Eastern Bypass kabla haijajaa. Trei haijawahi kuniangusha. Hapo naipa alama zote.

Kwenye joto siipi zote. Mashine yenye feni inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 37.5 na 37.8. Kioo cha yangu huandika 37.8 wakati kipimajoto nilichokilaza usawa wa mayai kinasoma 37. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini joto likipungua hivyo kwa siku 21 vifaranga huchelewa, hutoka wanyonge, na wengine huishia ndani ya ganda. Likizidi ni hatari zaidi: yai likikaa saa kadhaa karibu na nyuzi 40, kiinitete kinaweza kufa. Kwa bahati mashine hizi zina sehemu ya kurekebisha kipimo kwenye mipangilio. Kabla ya kurekebisha, hakikisha kipimajoto chako cha pembeni hakikudanganyi. Kichovye kwenye kikombe cha maji vuguvugu pamoja na kile cha kupima homa, uone kama vinasema kitu kimoja. Cha homa kimetengenezwa kwa joto la aina hii hasa, na nyumba nyingi zinacho tayari.

Unyevu ndio ulionifunza mengi, na sijaona kijitabu cha mashine kinachoueleza kwa mtu anayeishi huku kwetu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na yai hupoteza maji haraka zaidi kupitia matundu ya ganda kuliko yai lile lile likiwa Mombasa. Yai likipoteza maji mengi mno, kifaranga hukauka na kunaswa kwenye utando. Likipoteza machache mno, chumba cha hewa ndani ya yai kinakuwa kidogo na kifaranga hana nafasi ya kuvuta pumzi yake ya kwanza. Kwa hiyo sikitegemei kipimo cha unyevu cha kwenye kioo peke yake. Natumia mizani ya jikoni. Ikifika siku ya 18, yai linatakiwa liwe limepoteza kama asilimia 12 ya uzito wake, yaani yai la gramu 60 liwe limepungua gramu 7 hivi. Napima mayai machache niliyoyatia alama kwa penseli mara moja kwa wiki. Yakipungua haraka, najaza maji kwenye mfereji wa pili chini ya trei. Yakipungua polepole, nauacha mfereji ukauke. Siku 18 za kwanza unyevu wa asilimia 45 hadi 55 unatosha.

Stima je? Mtaani kwetu hupotea, tena bila taarifa. Wakati wa kununua, angalia nyuma ya mashine kama kuna tundu la volti 12. Yangu inalo, na fundi wa betri mtaani aliniunganishia betri ya gari pamoja na chaja yake. Stima ikikatika mashine huhamia yenyewe kwenye betri, hata niwe kazini. Mashine isiyo na tundu hilo nisingeinunua hata kama ni rahisi kwa elfu tatu. Wasiwasi wa tokeni za stima kuliwa, kwangu, haukuwa na msingi. Mashine imeandikwa wati 80, na hata hita ingewaka siku zote 21 bila kuzima, jumla ingekuwa kama uniti 40. Hita yenyewe huwaka na kuzima, kwa hiyo matumizi halisi yako chini ya hapo.

Kama bado hujapata betri na stima imepotea, usifungue kifuniko. Funika mashine kwa blanketi bila kuziba matundu ya hewa, usubiri. Baridi ya saa chache mayai huivumilia kuliko joto la kuzidi. Hata kuku hushuka kiotani kila siku kwenda kula. Mwezi wa Julai, usiku ukiwa wa baridi, iweke kwenye chumba cha ndani kisicho na upepo wala dirisha linalopigwa na jua asubuhi.

Sasa mayai. Watu wengi wanailaumu mashine kwa kosa la mayai. Mayai ya trei ya dukani hutoka kwa kuku wa mayai wasiofugwa na jogoo, hayana mbegu, na hakuna mashine itakayoyaangua. Hata yanayouzwa kibandani kama ya kienyeji hakuna anayeweza kukuhakikishia. Mimi huyafuata kwa mfugaji ambaye nimewaona jogoo wake kwa macho, jogoo mmoja kwa kila mitetea wanane hadi kumi. Nachukua yasiyozidi wiki moja tangu kutagwa, yenye ganda safi, kwa sababu kuyaosha huondoa utando unaozuia viini vya magonjwa. Yakifika nyumbani baada ya kurukaruka kwenye matatu, nayaacha yatulie mpaka kesho yake, ncha nyembamba ikiangalia chini. Na ukiletewa mayai ya Kuroiler, fahamu kwamba hao ni chotara. Watoto watakaotoka hawatarithi ukubwa wote wa wazazi wao, hata muuzaji aseme nini.

Siku ya saba namulika kwa tochi gizani. Yai zima linaonyesha mishipa myembamba iliyotawanyika kutoka kwenye doa jeusi. Lisilo na mbegu hung'aa tupu. Lenye duara la damu limekufa. Hayo mawili natoa, kwa sababu yai viza likipasuka ndani ya ule ujoto huchafua mengine yote. Kwa yaliyobaki, zaidi ya robo tatu hutoa vifaranga wazima kwangu, na hilo naliona jambo jema kwa mashine ya bei hii.

Siku ya 18 nazima trei ya kugeuza, nayalaza mayai kwenye wavu, napandisha unyevu hadi karibu asilimia 70, kisha kifuniko hakiguswi. Hapo ndipo mtihani ulipo. Kifaranga hutoboa tundu dogo halafu anatulia hata kwa muda wa saa kumi na mbili, na ndugu jamaa wote wanakuja kukuambia umsaidie. Usimsaidie! Katika ukimya huo anamalizia kuvuta damu iliyo kwenye mishipa ya utando na kiini kilichobaki tumboni. Ukimbandua mapema atatokwa na damu. Ukifungua kifuniko, unyevu unatoroka na utando unawakaukia wenzake waliokuwa wakijiandaa. Nimeliambia hili kila mtu nyumbani, na mama mkwe wangu, aliyefuga kuku Machakos maisha yake yote, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwakataza watoto wasisogee. "Kuku hafungui mayai," aliwaambia.

Wakishatoka waache ndani mpaka manyoya yakauke. Hakuna haraka ya chakula, kile kiini kinawatosha hadi siku tatu, na ndiyo maana vifaranga wa siku moja husafirishwa kwa basi kwenye maboksi wakafika salama. Baada ya hapo wanahitaji chumba chenye nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, na sakafu isiyoteleza. Gazeti tupu huwapanua miguu.

Kuhusu gharama, vifaranga wa kienyeji walioboreshwa huuzwa karibu shilingi 100 kila mmoja, kwa hiyo mashine hurudisha pesa zake baada ya mizunguko michache ukiwa na mayai mazuri. Jambo moja muuzaji hakuniambia, na naona kila mnunuzi ana haki ya kulijua: vifaranga wa kampuni hufika wakiwa wamechanjwa dhidi ya ugonjwa wa Marek siku ya kwanza, wa kwako hawajachanjwa chochote. Chanjo za magonjwa ya Newcastle na Gumboro zote ni juu yako, na zinauzwa kwa chupa za dozi nyingi ambazo zikishachanganywa hazihifadhiki. Kwa vifaranga arobaini unamwaga sehemu kubwa. Sasa tumepatana na majirani wawili wenye mashine kama yangu tuwashe siku moja, ili vifaranga watoke pamoja na tununue chupa moja kwa nyumba tatu.