Mashine ya kutoa krimpu: tazama fimbo ya ndani kabla ya bei

Malalamiko mnayoniandikia siku hizi yanafanana. Mtu amenunua maganda matupu ya risasi za 5.56 za jeshi kwa bei nzuri ili ayajaze upya, ameyaosha yakang'aa, ameketi mbele ya presi yake ya kujazia risasi, na praima, vile vikombe vidogo vya kuwashia baruti, haziingii. Zinagoma mdomoni mwa tundu la kitakoni kama mlango uliovimba masika, na akilazimisha zinapondeka. Dada mmoja wa Arizona ameniuliza kama praima za siku hizi ni mbovu. Praima hazina neno, dada yangu. Ni krimpu.

Kwa walioanza juzi: viwanda vya jeshi vikishapachika praima huminya shaba ya ukingoni, ndiyo krimpu, ili praima isichomoke bunduki inapofyatua mfululizo. Maganda mengi ya aina hii huku Marekani yanatoka Lake City, kiwanda cha jeshi kilichopo Independence, Missouri, kilichoanzishwa 1941. Utayajua kwa herufi LC na tarakimu mbili za mwaka, na mara nyingi msalaba wa NATO ndani ya duara. Ukiisukuma nje praima iliyotumika, ile shaba iliyominywa inabaki palepale, na ndiyo inayoizuia praima mpya. Ikiondolewa mara moja imeondoka, hairudi tena maisha yote ya ganda. Kuna njia mbili: kuisukuma irudi pembeni, ndiko kusweji, au kuichonga kwa rima, kifaa chenye makali ya kuchongea.

Kasi, uzito na uimara wa mpini wa mashine mtavisoma kwenye tangazo lenyewe. Mimi nataka tuzungumzie fimbo inayoingia ndani ya ganda, kwa sababu wauzaji hawaitaji na wanunuzi hawaiulizi.

Punchi ya kusweji, ile ncha ya chuma inayosukuma krimpu, inaingia kwenye tundu la praima kwa nguvu kubwa, na nguvu hiyo lazima ipate cha kuizuia. Ikizuiwa na rimu, yaani ukingo wa kitako cha ganda, rimu inapinda, na baadaye ganda halikai sawa kwenye shelihoda, kishikio cha ganda kwenye presi. Ikizuiwa na fimbo iliyopenya ndani ya ganda hadi kugusa sakafu yake, hakuna kinachopinda. Tatizo ni kwamba sakafu hiyo haina unene mmoja kwa viwanda vyote. LC ina wake, WCC ya Marekani ina wake, na IMI ya Israeli ina wake. Fimbo ikishapimwa kwa LC, ukaingiza ganda lenye sakafu nyembamba, punchi haifiki inakotakiwa na krimpu inabaki nusu. Ukiingiza lenye sakafu nene, punchi inazama kupita kiasi, tundu linapanuka, na praima inakaa kilegevu. Huko ndiko gesi ya moto inakovujia na kula uso wa bolti, chuma kinachoziba nyuma ya ganda kwenye bunduki yako.

Kwa hiyo panga maganda kwa mhuri wa kitakoni, zile herufi za kiwanda, kwanza, kisha pima fimbo upya kila unapobadilisha mhuri. Inachosha, najua. Na kama unaosha kwa zile pini ndogo za chuma, chungulia ndani ya kila ganda. Pini iliyolala sakafuni inaidanganya fimbo ionekane sakafu ni nene.

Kwa kigezo hicho, namba moja kwangu ni Dillon Super Swage 600, na sifichi kwamba naipenda. Inafungwa mezani, haili nafasi ya presi. Unalivika ganda kwenye fimbo, unalilaza, unasukuma mpini, basi. Fimbo yake inarekebishwa kwa uzi na kufungwa kwa nati, na mkono wenyewe unakuambia kama umepima sawa: mpini unapita kileleni kwa ukinzani kidogo tu. Ukilazimika kuukandamiza kwa uzito wa mwili, acha, pima tena. Tazama na ukingo wa tundu baada ya kusweji. Ukiona umeviringika na una mng'ao mwembamba kuzunguka mduara mzima, kazi imekubali. Ukiona mng'ao upande mmoja, kazi haijakamilika. Wazoefu hufunga mpira wa bendi ili fimbo ijiinue yenyewe ganda likitoka, na nashangaa kwa nini kiwanda chenyewe hakijatia springi ya senti chache kwenye kifaa ambacho bei yake imevuka dola 100 kitambo. Hata hivyo ningeinunua tena.

Namba mbili ni RCBS Primer Pocket Swager Combo 2. Hii inafungwa kwenye presi uliyonayo, na ina fimbo ya ndani, ndiyo maana iko hapa. Inakuja na vifaa vya praima ndogo na kubwa, na bei yake iko chini kabisa ya Dillon. Kero yake ni ganda kung'ang'ania punchi. Kikombe chake hulikwanyua presi ikishuka, ila kwa mshtuko unaotikisa meza nzima, na ukifanya ndoo ya maganda bega litakukumbusha usiku. Kwa mtu wa maganda mia mbili tatu kwa mwezi inatosha sana.

Rima za mkono za Hornady na Lyman hazihitaji fimbo, kwa hiyo unene wa sakafu hauzisumbui. Lakini shaba ikichongwa haikurudii. Ukitumia na drili ukasahau mkono, tundu limekwisha na ganda ni la kutupa. Za kuchongea mbao za dukani sizijadili.

Chochote utakachonunua, usikiingize kwenye ganda lenye praima hai, na vaa miwani unapopachika praima mpya. Ikigoma, toa ganda, usiongeze nguvu.

Sasa wauzaji. Niliagiza maganda yaliyotangazwa kuwa yametolewa krimpu tayari, na nikalipa nyongeza kwa kazi hiyo. Yalifika mchanganyiko wa mihuri, yamesukumwa yote kwa kipimo kimoja: LC zilikuwa sawa, nyingine krimpu bado inaonekana kwa macho, na chache praima iliingia kwa kidole. Kwa kidole! Nilipolalamika nikaambiwa nirudishe mzigo kwa gharama yangu, na maganda yale ni mazito. Na praima unazoharibu kwenye maganda ya namna hiyo ni zilezile zilizokuwa kama dola 30 kwa elfu moja kabla ya 2020, kisha 2021 watu wakawa wanauziana kwa zaidi ya 100. Anayekuuzia ganda la nusu kazi anakula na praima zako pia.

Kabla ya kulipa, omba picha ya vitako vya maganda, vionekane mihuri na ukingo wa matundu. Akikutumia picha ya ndoo iliyopigwa kutoka juu, nunua yasiyoguswa kwa bei ya chini, usweji mwenyewe.