Stika na kava za “kuzuia mionzi” ya simu: zinafanya kazi?

Stika hizi zina ukubwa wa sarafu, hubandikwa mgongoni mwa simu, na matangazo mengi hudai zinafyonza asilimia 99 ya mionzi. Haiwezekani. Antena za simu za kisasa ziko kwenye kingo, juu na chini, kwa hiyo stika ya katikati haizibi njia ya mawimbi. Na kama ingefyonza kiasi hicho kweli, mtandao ungeshuka kwa desibeli 20, yaani nguvu ibaki sehemu moja ya mia, na maongezi yangekatika popote palipo mbali na mnara. Simu ikiendelea kushika vizuri baada ya kubandika, basi hakuna kilichozuiwa. Mwaka 2002, FTC, tume ya Marekani inayolinda wanunuzi, ilizishtaki kampuni mbili zilizouza vizuizi vya aina hii kwa madai yasiyo na ushahidi.

Kava yenye mfuniko uliofumwa kwa nyuzi za metali ni tofauti kidogo. Ukiongea mfuniko ukiwa umefungwa, kati ya kioo na sikio, hupunguza mawimbi upande huo. Tatizo ni kwamba wengi huukunja nyuma, ukafunika antena. Hapo simu huongeza nguvu ili ifike mnarani, na kwenye 2G, mtandao wa zamani, ya masafa ya megahezi 900 inaweza kupanda hadi wati 2 kwa mapigo mafupi; 4G kwa kawaida huishia wati 0.2.

Ipime kava kabla ya muda wa kurudisha bidhaa kwisha. Kwenye Android nyingi fungua Mipangilio, Kuhusu simu, kisha hali ya SIM, usome nguvu ya mawimbi kwa dBm, kipimo chenye namba hasi: -95 ni dhaifu kuliko -85. Soma mara tatu bila kava, mara tatu ukiwa nayo, mahali palepale, simu ikiwa kwenye mtandao uleule. Ikitoka -85 ikafika -95, mawimbi yanayoingia yamebaki sehemu moja ya kumi. Kava hiyo irudishe.

Mikufu na bangili za “kukinga 5G” ziepuke kabisa, hasa kwa watoto. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi, ANVS, ilikuta bidhaa 10 za namna hiyo zina madini yanayotoa mionzi halisi ya nyuklia, ile inayoweza kuharibu vinasaba. Mawimbi ya simu hayana nguvu hiyo.

Hofu yenyewe ina chanzo: mwaka 2011 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliyaweka mawimbi haya kundi 2B, yaani “huenda” yakasababisha saratani. Lakini mapitio ya tafiti yaliyoagizwa na WHO na kuchapishwa 2024 hayakuona uhusiano na saratani ya ubongo.

Anayetaka kupunguza mawimbi bado ana njia ya uhakika: umbali. Vipokea sauti vya waya au spika, simu ikiwa sentimita 20 kutoka kichwani, hushinda kava yoyote. Mtandao ukiwa mstari mmoja, tuma ujumbe badala ya kupiga.

Stika: 0 kati ya 5. Kava: 2, kwa atakayefunga mfuniko kila anapoongea.