Saundi kadi za bei nafuu kwa studio ya nyumbani: ipi ianze, ipi uiache

Kabla hujaulizia saundi kadi yoyote, yaani kile kiboksi kinachopeleka sauti ya maiki kwenye kompyuta, jiulize mambo mawili: utaichomekea maiki gani, na kompyuta yako ni ya Windows au Mac? Majibu yake yanafuta nusu ya orodha kabla hata mabishano ya chapa hayajaanza.

Maboksi hayaanzi hapo. Yanaanza na "24-bit/192kHz" kwa maandishi makubwa. Biti 24 ni sawa, hizo zitafute, kwa sababu zinakuruhusu kurekodi chini kidogo bila kuokota kelele, na mwimbaji akipandisha ghafla kwenye kiitikio sauti haipasuki. Lakini kHz 192, yaani sauti kupimwa mara 192,000 kwa sekunde, za nini? CD ni kHz 44.1, video ni kHz 48. Ukirekodi kwa 192, faili linakuwa kubwa mara nne ya lile la 48, kompyuta inahema, na msikilizaji haongezewi kitu. USB nayo isikutishe. Kurekodi njia mbili kwa biti 24 na kHz 48 kunahitaji kama megabiti 2.3 kwa sekunde, wakati USB 2.0 ya zamani inabeba hadi 480. Tundu la USB-C ni umbo la kebo tu, halina uhusiano na uzuri wa sauti.

Soma geini kwanza

Kila saundi kadi ina priampu ya kukuza sauti ya maiki, na uwezo wake, ndiyo geini, huandikwa kwa desibeli. Maiki ya kondensa kama Audio-Technica AT2020 inataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundi kadi, lakini ikishaupata inatoa sauti yenye nguvu, kwa hiyo priampu haipati taabu. Shure SM58 ni ya dainamiki, inadai zaidi kidogo, ila mwimbaji akiisogelea mambo yanakwenda.

Kazi iko kwa SM7B, ile inayoonekana kwenye kila podikasti. Shure wenyewe wanashauri geini isiyopungua desibeli 60. Ukiichomeka kwenye priampu dhaifu utajua mapema: unazungusha nobu hadi mwisho, mita bado inacheza chini, na kwenye ule mzunguko wa mwisho unaanza kusikia "shiii" kwenye hedifoni kabla mtu hajafungua mdomo. Ukipandisha sauti baadaye ndani ya programu, shiii inapanda nayo. Wengi hapo hukimbilia kikuzaji cha kati kama Cloudlifter, kinachoongeza hadi desibeli 25. Kinafanya kazi, sikatai. Ila jumlisha bei yake na ya saundi kadi uliyonunua, uone ungeweza kupata ipi tangu mwanzo.

Draiva, hasa kwa watu wa Windows

Draiva ni programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na saundi kadi. Mac ina mfumo wa sauti uitwao Core Audio ndani yake, kwa hiyo saundi kadi nyingi unachomeka na kuanza kazi. Windows inahitaji draiva ya ASIO, mfumo ulioletwa na Steinberg mwaka 1997, na hapa ndipo saundi kadi za bei ya chini kabisa hutofautiana na zile za juu yake kidogo. Kampuni iliyoandika draiva yake yenyewe inakuwezesha kushusha bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukishughulikia, bila sauti kukatika. Bafa ya sampuli 128 kwa kHz 48 ni milisekunde 2.7, ya 1024 ni milisekunde 21, tena hiyo ni safari ya upande mmoja tu. Mwimbaji anayejisikia kwa kuchelewa hivyo ataanza kuburuta mdundo, na wewe utadhani hajui kwenda na wakati.

ASIO4ALL, ile ya bure, ni ngazi tu juu ya draiva ya Windows. Itakuvusha, lakini usinunue kifaa kwa kuitegemea. Kuna njia ya mkato pia: kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja, ambacho kinapeleka maiki kwenye hedifoni bila kupitia kompyuta. Hakuna kuchelewa kabisa, ila na mwangwi uliouweka kwenye programu hausikiki juu ya sauti hiyo.

Sasa orodha

1. Audient EVO 4. Ndiyo ninayomtajia mtu asiyejua aanzie wapi. Ina priampu mbili zenye geini ya desibeli 58, tundu la gitaa mbele, na nobu moja kubwa inayofanya kila kitu. Ina kitu wanachokiita Smartgain: unabonyeza, unaimba kwa nguvu utakayotumia kweli, inakupangia geini yenyewe. Mtu anayejirekodi peke yake, mkono mmoja kwenye gitaa, atashukuru. Inaweza pia kurekodi kinachocheza ndani ya kompyuta sambamba na maiki, jambo la maana kwa anayerusha matangazo mubashara. Kasoro zake ni mwili wa plastiki, na hiyo nobu moja, ambayo wanaopenda kushika kila kitu mahali pake itawaudhi. Inaishia kHz 96. Umeshajua maoni yangu juu ya hilo.

2. MOTU M2. Kwa sauti pekee ningeiweka juu. Geini desibeli 60, kelele ya chini sana, na upande wa kutoa sauti ina chipu ya ESS Sabre yenye upana wa desibeli 120 kati ya sauti ndogo na kubwa kabisa. Kinachonivutia zaidi ni kioo cha mbele chenye mita zinazoonekana vizuri, kwa sababu taa moja ya kijani na nyekundu haikwambii umebakiza nafasi kiasi gani. Kila maiki ina kitufe chake cha volti 48, nyuma kuna MIDI ya kuunganisha kinanda, na ina swichi ya kuzima, kitu ambacho wenzake wengi hawana. Imeshuka hadi ya pili kwa sababu ya bei tu.

3. Focusrite Scarlett 2i2, kizazi cha nne. Ya mwaka 2023. Geini imefika desibeli 69, kwa hiyo mwenye SM7B asome hapa kwanza, na kwake yeye hii ndiyo namba moja. Ina kupanga geini yenyewe na Clip Safe, inayoshusha sauti kabla haijapasuka. Angalia sana usichanganye na Solo ya kizazi hichohicho: Solo ina maiki moja, geini ya desibeli 57, na hayo mawili ya kujipangia hayamo. Majina yanafanana na rangi ni ileile nyekundu, na muuzaji hatakukumbusha. Kizazi cha tatu nacho bado kinazunguka madukani. Si kibaya, ila geini yake ni desibeli 56, kwa hiyo usikilipie bei ya kipya.

4. Behringer UMC202HD. Mfuko ukibana, ishia hapa, usishuke zaidi. Maiki mbili, mwili wa chuma, priampu zilizochorwa na Midas, kampuni iliyo chini ya mmiliki mmoja na Behringer. Kwa kondensa inafanya kazi nzuri kuliko bei yake. Kwa maiki ya dainamiki isiyo na nguvu utakutana na ile shiii.

5. Behringer UM2 na M-Audio M-Track Solo. Za mafunzo, za mikutano ya mtandaoni, za kurekodi wazo lisipotee. M-Track Solo inaishia biti 16. UM2 ina jambo linalowachanganya wanaoanza: tundu la maiki ni njia ya kushoto na la gitaa ni ya kulia, kwa hiyo ukirekodi kwa stereo sauti yako inasikika sikio moja tu. Haijaharibika. Badilisha traki iwe mono, uchague njia ya kwanza.

Ukinunua iliyotumika

Nenda na hedifoni zako, kebo ya maiki (XLR) na maiki ya kondensa. Washa volti 48 na uongee: maiki ikikaa kimya kwa kebo unayoiamini, usilipe. Zungusha kila nobu polepole ukisikiliza, inayokwaruza ina vumbi au imechoka. Tikisa kidogo jeki ya hedifoni na kebo ya USB, maana matundu ndiyo yanayotangulia kufa. Halafu, ukiwa bado umesimama na muuzaji, fungua tovuti ya watengenezaji uone kama draiva ya modeli hiyo imeandikiwa Windows au macOS unayotumia. Za FireWire, tundu la zamani la kuunganishia vifaa, zipite hata kwa bei ya kutupa, laptopu yako haina pa kuzichomeka.