Nimelipa elfu 50 kuambiwa nisinunue jenereta la nyumba nzima

Niseme mapema, hapa namsifia fundi, sio jenereta, maana jenereta lenyewe sijanunua na kwa jinsi mambo yalivyoenda sidhani kama ntanunua. Ila kama na wewe uko Dar umechoka kuamka saa nane usiku feni imesimama jasho linakutiririka mpaka masikioni, na unawaza ufunge mtambo wa kuwasha nyumba nzima yaishe, soma kwanza.

Sisi tuko Goba, nyumba ya kawaida tu, vyumba vitatu, AC mbili, friji la jikoni, na friza lile la kulala ambalo kusema kweli ndo linanilisha, mana nauza sambusa mbichi za kugandisha kwa oda. Sasa kuna siku umeme ulikata saa kumi na moja jioni ukarudi kesho yake saa tano asubuhi, na mimi na uoga wangu kila nusu saa nafunua friza kuangalia kama zimeyeyuka, kumbe mwenyewe ndo nilikuwa naziyeyusha. Nikatupa sambusa za oda mbili. Nikasema basi, liwalo na liwe, nanunua jenereta.

Nikaenda Gerezani, pale jirani na Kariakoo, duka silitaji. Kijana wa pale mchangamfu, kaniuliza vyumba vingapi, AC ngapi, akanipigia hesabu kichwani hapo hapo, "Bosi hapo wewe chukua 20 kVA, unawasha kila kitu mpaka pasi, na umeme ukikata linajiwasha lenyewe sekunde kumi tu." Hiyo kVA ndo kipimo cha ukubwa wa jenereta. Milioni 21 pamoja na kufunga. Hakuniuliza kama nina pampu, hakuniuliza umeme wa kwangu ni fezi moja au tatu, yani unaingia kwa waya mmoja wa moto au mitatu, na mimi nilivyo mshamba wa mambo haya sikujua kama hayo ni ya kuulizwa. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta mkopo jamani.

Shemeji yangu ndo akaniambia we mama tulia, mlete fundi akupimie mzigo kwanza, yani umeme unaotumia. Elfu 50 ya kuja kupima, ukimpa kazi anaikata kwenye bei.

Alisema saa nne akafika saa saba na nusu, hilo namtoa maksi. Lakini alipoanza kazi nikasahau. Alifungua lile boksi la breka, akatoa kifaa kama koleo kinabana waya kwa nje bila kuukata, akaniambia, "Mama, washa kila kitu ulichonacho, usibakize." Nikawasha AC zote, pasi, hita ya kuogea, pampu, TV, taa, feni. Kile kioo kikasoma ampia 47. Akasema zidisha kwa volti 230, ni kama kilowati 11 hivi, hapo ndo duka linakuona wewe. Haya sasa zima kimoja kimoja. Hita ikazimwa, namba ikashuka ampia 20 nzima! Hita peke yake, ambayo Dar hii tunaitumia mwezi wa saba tu tena kwa kujidekeza. Pasi ikaondoka na 8. AC moja 5. Tukabaki na ampia 14, yani kilowati 3 na kidogo, na humo bado kuna pampu na AC ya chumbani. Friji na friza pamoja, amini usiamini, ampia 2.

Akaandika zote nyuma ya mfuniko wa boksi langu la sambusa, ninalo mpaka leo limebandikwa jikoni.

Alafu nikamuonesha karatasi ya bei ya duka, akaisoma akacheka kidogo akanyamaza. Nikamwambia fundi sema tu. Kumbe lile jenereta la 20 kVA ni la fezi tatu na nyumba yangu ni fezi moja. Akanieleza taratibu, 20 kVA ni kilowati 16, lakini kwenye fezi tatu zile 16 zimegawanywa mafungu matatu, kila waya unabeba kama 5 na kidogo, kwa hiyo ukilichomeka kwenye nyumba ya fezi moja hivi hivi unatumia fungu moja na mawili yamekaa tu, umelipia daladala nzima umekalia siti moja. Ili uyatumie yote lazima uvunje boksi uanze kugawa saketi upya. Hapo nilikaa chini.

Na hajaishia hapo. Akaniambia injini ya dizeli inataka ipewe kazi, ukiipa mzigo mdogo kila siku mafuta hayaungui vizuri, inajaza masizi na ekzosi inaanza kutoa uchafu mweusi kama oili chafu. Nikakumbuka la jirani yangu, ukuta wake pale bomba linapotokea ni mweusi tii, na usiku analiwasha kwa ajili ya TV na feni mbili. Eti halina kelele, nenda ukalale upande wa ukuta wake uone.

Tena juzijuzi umeme umekata, nasubiri kusikia mngurumo, kimya. Kumbe betri ya kuwashia imekufa, lilikaa wiki sita halijaguswa. Haya madude yanataka kuwashwa mara kwa mara hata kama umeme upo, oili ibadilishwe hata kama hulitumii sana, dizeli isikae miezi kwenye tenki ikaingia maji. Ni kama kufuga ng'ombe.

Hesabu ya mafuta ndo ilinimaliza kabisa. Kwa mzigo wangu dude la ukubwa ule linakunywa kama lita mbili kwa saa, na dizeli unajua bei yake, EWURA wanatangaza mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kipindi hicho piga tu 2,800. Hiyo 5,600 inakupa uniti tatu hivi. Uniti ya Luku kwa sisi wa matumizi ya kawaida ni kama 350. Sasa fundi akaniuliza swali ambalo lilitakiwa liwe la kwanza, umeme kwenu unakata masaa mangapi kwa mwezi? Sijui. Akasema basi andika kwenye kalenda miezi miwili ndo tuongee.

Nikaandika. Mara 9, masaa 31, miezi miwili. Sio mgao kama ule wa 2023, tangu mashine za bwawa la Nyerere zilivyoanza kuwashwa 2024 umeme wa kuzalisha sio shida kama zamani, kwetu ni nguzo na transfoma tu, mvua kidogo giza. Milioni 21 kwa masaa 15 kwa mwezi, nilijionea aibu.

Mwisho alinifungia inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani, na betri moja ya lithiam ya uniti 5, friji, friza, taa, TV, intaneti na feni tatu zimetengewa boksi lao dogo, AC, pasi, hita na pampu hazimo. Pampu inajaza simtanki umeme ukiwepo. Milioni 5 na laki 8, na ile elfu 50 aliikata kweli. Usiku mzima inafika. Na friza akanifundisha bure, likijaa usipolifungua linatunza ubaridi karibu siku mbili, likiwa nusu siku moja, kwa hiyo acha kuchungulia.

Kama una mgonjwa wa mashine ya oksijeni au una apatimenti za kupangisha hesabu yako ni nyingine, pengine jenereta ndo jibu, ila pima, na lifungwe na chenjiova, ile swichi inayotenganisha jenereta na umeme wa TANESCO, usije ukasikiliza wale wa chomeka tu kwenye soketi, umeme unarudi kwenye laini utamuua mtu wa watu kwenye nguzo. Na lisikae barazani wala gereji, ule moshi unaua watu wamelala.

Fundi nampa nne kwa tano, moja nimeikata kwa kuchelewa na skrubu ya boksi aliyoiacha haijakazwa. Baba watoto bado kanuna kuhusu AC. Juzi umeme umekata saa tatu usiku, akatoka akakaa barazani kifua wazi anasikiliza mtambo wa jirani, mimi nikageuza feni ielekee kitandani nikalala.