Kuku 14 nao ni kuku

Nimekaa na hasira hii tangu mvua zile kubwa, leo naitoa. Nafuga kuku 14 nyuma ya nyumba, Kitunda, chotara na wa kienyeji wamechanganyika, na kwa muda sasa nawapa chakula cha kuchachusha. Namna ya kufanya haina maneno mengi: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa wa kusaga, maji yapande juu ya chakula kama vidole vitatu, mfuniko uegeshe tu. Ukiukaza, gesi itaufyatua usiku mfikiri mmevamiwa. Kwenye nchi za baridi wanangoja siku 3 au 4. Kwa joto letu hili, ukiloweka jioni, kesho jioni vipovu vinapanda na harufu ni ya togwa kabisa. Ukichelewa inageuka ya pombe. Jirani alishaniuliza juu ya ukuta kama siku hizi napika gongo.

Na kuku walikipenda, sitadanganya. Kile kikavu walikuwa wanakichakura, nusu kinaishia chini. Hiki wanafuta sinia. Nilikuwa na mtetea mweusi mwenye kishungi, huyo alikuwa anapanda na miguu yote ndani ya sinia ili wenzake wasile. Banda hata harufu ilipungua. Ningeandika wakati ule, ningesifu tu mpaka mwisho.

Sasa pumba. Nilinunua kiroba duka lilelile la siku zote, nikabebwa na bajaji hadi nyumbani, asubuhi nafungua nakuta mabonge. Nikavunja moja mkononi: ndani kijanikijani, vumbi likanipanda puani nikapiga chafya mpaka machozi. Nikalifunga bonge kwenye gazeti, nikarudi nalo.

Kijana wa dukani hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Mama, si ulisema unachachusha? We chachusha, ukungu unaisha."

Nikamwambia hizi pumba hazifai, nibadilishie. Ndipo akaniangalia. "Kwani una kuku wangapi?"

"Kumi na nne."

Akamgeukia mteja mwingine, wanacheka. "Kumi na nne! Mama, hao hufugi, hao ni mboga."

Mboga! Yaani hela yangu ilikuwa na kasoro gani? Au wa kuku 500 ndio wenye haki ya kuuziwa kitu kizima?

Aibu yangu ni kwamba nilimsikiliza. Nilikuwa nimeshatoa hela, nikasema labda kweli chachu inaua kila kitu. Nikaloweka. Yule mweusi akapanda kwenye sinia kama kawaida yake, akadonoa mara moja, akafuta mdomo kwenye udongo, akashuka. Wengine wakala kidogo kidogo. Nikamwaga kesho yake, lakini haikupita wiki mweusi akaanza kujikunyata, mabawa chini, akafa. Sisemi ni pumba. Sikumpasua, na chanjo ya mdondo walikuwa nayo. Ila mniruhusu niwaze ninachowaza. Sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu, si mchezo: mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi, watu, sembuse kuku. Huwezi kutegemea ndoo ya maji machachu ikuondolee hiyo.

Nikawaambia wote niliowafundisha waache kabisa. Nikarudia chakula kikavu kwa hasira, wiki nzima, na kila asubuhi kuku wananizunguka miguuni wakiitafuta ndoo. Basi nikashindwa, nimerudi. Kwa hiyo lile nililowaambia wakati ule, kwamba kuchachusha ni upuuzi, naomba walifute. Kosa halikuwa la ndoo. Ingawa mume wangu anasema kiroba kililala sakafuni kwetu. Usiku mmoja! Ukungu wa kijani haukui usiku mmoja mpaka katikati ya bonge, na naye nimemwambia.

Juzi nimepita mbele ya lile duka, kijana ananiita "Mama Mboga!" Sikugeuka. Siku hizi nachukua pumba kwenye mashine ya kukoboa. Nafungua kiroba palepale, natia mkono mpaka kiwiko, nanusa, watu wananishangaa. Mwenye mashine anasubiri tu nimalize. Hajaniuliza nina kuku wangapi. Ni 13.